Nguo Ikiingia Madoa ya Klorini: Tuue Vijidudu, Tusiue Kitenge



Mama mmoja wa makazi yetu, ambaye ametuomba tusitaje jina lake, alikuwa na kitenge kimoja cha kutokea. Ndicho alichovaa siku ya ndoa, ndicho alichojifunga alipovuka mpaka, na ndicho alichokwenda nacho kanisani. Siku moja jirani yake alirudi kutoka kituo cha matibabu ya kipindupindu na furushi la nguo zilizooshwa kwa klorini. Nguo zilikuwa safi, lakini zilikuwa na mabaka meupe kama ramani. Mama yule aliona, akanyamaza.

Miezi michache baadaye mume wake alianza kuhara usiku. Kabla ya kumwita mhudumu wa afya, mama alifanya jambo moja: alikusanya kitenge na shuka alilolalia mgonjwa, akavificha ndani ya gunia nyuma ya nyumba. Alfajiri alikwenda kuvifua kijitoni. Siku tatu baadaye mtoto wake wa miaka minne naye akalazwa. Tunamshukuru Mungu, wote wawili walipona. Tulipomuuliza kwa nini alificha nguo, alijibu kwa sauti ndogo: "Nilijua mtaniharibia."

Jibu hilo limetufundisha. Kila mara tunasema "tumieni klorini", lakini ni mara chache tumewaeleza namna ya kuitumia bila kupoteza nguo. Kwa mtu aliyekimbia na furushi moja, nguo si jambo dogo. Katika toleo hili tunazungumzia jambo hilo: kwa nini klorini huharibu nguo, namna ya kuzuia, na la kufanya ikiwa doa limeshatokea.

KWA NINI KLORINI HULA RANGI

Wengi wetu tunaijua dawa hii kwa majina mengi. Madukani hapa Uganda tunaiita jiki. Ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi huiita javel. Ile ya unga inayotumika kwenye vituo vya afya huandikwa HTH kwenye ndoo yake. Zote ni klorini. Tofauti ni nguvu na umbo.

Ni vyema kufahamu kwamba dawa hii haikuanza kama dawa ya vijidudu. Ilianza kama dawa ya kupausha vitambaa. Mwaka 1785 mwanakemia wa Ufaransa, Claude Louis Berthollet, alionyesha kuwa klorini inaweza kuondoa rangi ya kitambaa. Miaka michache baadaye kiwanda kimoja kilichokuwa Javel, wakati huo kijiji nje ya Paris, kilianza kutengeneza maji ya kupaushia nguo. Jina javel limetoka huko. Kazi ya kuua vijidudu ilikuja baadaye. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa kina mama waliojifungua, na vifo vikapungua sana.

Kwa hiyo klorini inapopausha kitenge chako haijakosea. Inafanya kazi yake ya kwanza. Nguvu ileile inayovunja kijidudu ndiyo inayovunja rangi.

Kutokana na hilo yapo mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza: doa la klorini si uchafu. Ni mahali ambapo rangi imeondoka, kwa hiyo hakuna sabuni itakayolitoa. La pili: klorini haikomi kwa sababu umeiondoa nguo kwenye beseni. Inaendelea kula hadi isuuzwe. Ndiyo maana nguo huonekana nzima leo, na wiki ijayo inachanika mahali palepale.

IJUE NGUO YAKO KWANZA

Si kila kitambaa kinavumilia klorini.

Pamba nyeupe huvumilia, ikiwa kipimo ni sahihi na muda ni mfupi. Pamba ya rangi, kama vitenge (au vikwembe), kanga na jinzi, huweza kupauka. Poliesta huvumilia zaidi kuliko nyingine. Sufu na hariri haziwezi kabisa: hugeuka manjano, hukakamaa, na klorini kali huziyeyusha. Nailoni na nguo zinazovutika nazo huharibika.

Hujui nguo yako ni ya nini? Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, ushike kwa koleo au kibanio, uuchome kwa kiberiti mbali na watoto na mbali na turubai la nyumba. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu au hariri. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni poliesta au nailoni. Jaribu hivyo pia kwenye blanketi la msaada kabla ya kuliloweka, kwa kuwa baadhi ya mablanketi yana sufu ndani.

Kujua kama rangi itavumilia, chovya kijiti kwenye maji ya klorini uliyokwisha kuchanganya, gusa upande wa ndani wa upindo, kisha subiri dakika chache. Rangi ikibadilika, nguo hiyo usiitie klorini. Njia yake nyingine tunaieleza hapa chini.

Chandarua cha mbu usikitie jiki hata kidogo. Klorini huharibu dawa iliyomo kwenye nyuzi zake. Kioshe kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, kisha ukianike kivulini.

KIPIMO SAHIHI

Madoa mengi tunayoyaona hayatokani na klorini yenyewe bali na kipimo. Watu hufikiri kwamba ikiwa kidogo kinaua, kingi kitaua zaidi. Sivyo. Klorini ya kumwagia sakafu iliyochafuliwa, ya asilimia 0.5, ni kali mara kumi kuliko ile ya nguo, ya asilimia 0.05. Ukiloweka kitenge kwenye maji ya sakafu, hukufua, umekipausha.

Kwa nguo, changanya hivi katika lita 20 za maji:

• Klorini ya unga (HTH ya asilimia 65 hadi 70): kijiko kikubwa kimoja cha mezani, kilichosawazishwa juu, si cha kurundika.
• Jiki ya maji iliyoandikwa 3.5%: mililita 300, yaani ujazo wa chupa moja ndogo ya soda.
• Jiki iliyoandikwa 5%: mililita 200.

Soma lebo kabla ya kupima. Chupa uliyopimia isirudi tena kwenye vinywaji, na jiki usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto ataiona soda, hataiona jiki. Vilevile usichanganyie klorini ya nguo kwenye jerikani ya maji ya kunywa. Tumia ndoo au beseni la plastiki lililotengwa kwa kazi hiyo. Chombo cha chuma kitapata kutu, na kutu itaingia kwenye nguo.

Kuhusu HTH lipo jambo linalosababisha madoa mengi. Unga huu hauyeyuki wote. Huacha mashapo meupe kama chokaa chini ya ndoo. Chembe moja ya mashapo ikitulia juu ya kitambaa hutengeneza tundu. Kwa hiyo koroga, acha maji yatulie kwa nusu saa, kisha mimina maji ya juu yaliyo safi kwenye beseni la nguo na uache mashapo chini.

Maji ya klorini yachanganywe upya kila siku. Jua na joto huyamaliza nguvu.

NAMNA YA KUFUA NGUO ZA MGONJWA WA KUHARA

1. Vaa glavu. Kama huna, funga mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi.

2. Kung'uta kinyesi au matapishi kwenye choo, si kwenye mtaro.

3. Fua kwanza kwa sabuni na maji. Hatua hii huokoa nguo na afya pamoja. Uchafu humaliza nguvu ya klorini. Nguo ikiwa chafu, klorini inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinabaki. Ndipo mtu anaongeza jiki, na nguo inaharibika.

4. Suuza sabuni. Nguo iliyojaa mkojo, hasa nepi, isuuze zaidi. Mkojo na klorini hutoa hewa inayochoma macho na kifua.

5. Changanya klorini na maji kwanza, ndipo uingize nguo. Usimwage jiki juu ya nguo. Nguo izame yote. Sehemu inayoelea hubaki na mstari.

6. Subiri dakika 30, si zaidi. Usiilaze nguo ndani ya klorini usiku kucha.

7. Suuza kwa maji safi mara mbili au zaidi, hadi harufu ipungue, kisha anika juani.

Fanya kazi hii umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, bombani, mtoni au ziwani. Maji machafu yamwage chooni. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Na kile kitenge kisichovumilia klorini? Kipo kinachoweza kufanyika. Baada ya kukifua kwa sabuni, kitumbukize kwenye maji yanayochemka na ukikoroge kwa mti kwa dakika 5. Kisha kisuuze na ukianike juani hadi kikauke kabisa. Tunajua kuni ni shida. Lakini sufuria moja ya maji kwa vitenge viwili si gharama kubwa kuliko kupoteza vitenge, na ni ndogo sana kuliko kupoteza mtu. Sufu na hariri usizichemshe. Hizo zifue kwa sabuni, uzisuuze vizuri, na uzikaushe kabisa kabla ya kuzitumia tena.

Onyo: maelezo haya ni ya kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Ikiwa mgonjwa anashukiwa kuwa na Ebola, usiguse nguo zake, usizifue, wala usizichemshe. Ziache pale zilipo, wazuie watu wasizikaribie, na uite timu ya afya mara moja. Hapo nguo inaweza kuchomwa moto, na hilo halina mjadala.

KLORINI IKIKUMWAGIKIA

Dakika chache za kwanza ndizo zinazoamua ukubwa wa hasara. Mimi mwenyewe, pamoja na kufundisha haya kila wiki, niliwahi kufungua ndoo ya HTH kwa haraka na kujimwagia suruali nyeusi. Nilisema, "Nitaisuuza nikifika nyumbani." Nilipofika, goti lilikuwa la rangi ya machungwa, na wiki mbili baadaye lilichanika.

Kama ni unga mkavu, ukung'ute kwanza, mbali na uso. Kisha vua nguo na uimwagie maji mengi baridi palepale, ukiyapitisha kutoka upande wa ndani kwenda nje. Endelea kwa dakika kumi kama maji yapo. Usifikiche, utasambaza doa. Baadaye fua kwa sabuni na uanike kivulini. Kabla ya kuanza kazi yoyote ya klorini, weka ndoo ya maji safi pembeni. Usisubiri kumwagikiwa ndipo ukapange foleni bombani.

Usitumie limau wala siki. Tumesikia ushauri huu ukipita nyumba hadi nyumba, na ni wa hatari. Tindikali ya limau au siki ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu inayochoma koo na mapafu, hasa ndani ya nyumba iliyofungwa. Dawa nyingi za kusafishia vyoo nazo zina tindikali. Zisikutane na jiki.

Klorini ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize kituoni pamoja na chupa yenyewe.

DOA LIMESHATOKEA: LA KUFANYA

Rangi iliyoondoka hairudi, lakini nguo inaweza kurudi. Hakikisha kwanza kuwa imesuuzwa mara kadhaa na haina harufu ya klorini. Kisha vuta kitambaa taratibu mahali penye doa. Kikichanika, pale panahitaji kiraka. Kikiwa imara, una njia kadhaa.

Kutia rangi upya. Pakiti ndogo za rangi ya nguo hupatikana kwenye masoko mengi. Chagua rangi iliyokoza kuliko nguo. Nyeusi na bluu nzito huficha zaidi. Yeyusha rangi kwenye maji moto pamoja na chumvi, ukifuata maelezo ya pakiti. Lowanisha nguo kwanza, itumbukize yote, na koroga bila kuacha ili rangi ishike sawasawa. Suuza hadi maji yatoke safi. Njia hii inafaa kwa pamba; poliesta haishiki rangi hizi. Maua ya kitenge yatafifia au kupotea, na doa linaweza kuonekana kwa mbali, lakini nguo itavalika. Sufuria ya rangi isipikiwe chakula tena.

Kiraka na udarizi. Fundi cherehani anaweza kukata mabaki ya kitenge, akashona ua, mfuko au mkanda juu ya doa. Doa likiwa kwenye upindo, upindo ukunjwe juu kidogo. Doa dogo linafunikwa kwa uzi wa kudarizi. Kina mama wanaojua kushona, hii ni kazi mnayoweza kuwafanyia majirani.

Kuibadilisha kazi. Kitenge kilichoharibika katikati bado kina kingo nzima. Kingo hizo hutoa gauni la mtoto, kilemba, au kitambaa cha kubebea mtoto. Ila usimbebee mtoto kwa kitambaa ambacho klorini imekilegeza. Kinaweza kuchanika njiani.

Madoa ya kutu. Wakati mwingine nguo nyeupe hutoka na madoa ya kahawia badala ya meupe. Hiyo hutokea maji ya kisima yakiwa na chuma: klorini hukigeuza kuwa kutu. Hapa limau na chumvi husaidia, lakini baada tu ya kusuuza klorini yote, kukausha nguo, na kuhakikisha haina harufu. Paka, anika juani, kisha suuza. Mara nyingine ukifua kwa maji hayohayo, usitumie klorini, chemsha.

TIMU YA KLORINI IKIFIKA NYUMBANI KWAKO

Mwezi Julai 1994 kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda mjini Goma na kandokando yake. Katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walifariki, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Februari 2018 ugonjwa huohuo ulithibitishwa huko Kyangwali, miongoni mwa ndugu waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, na zaidi ya watu 2,000 waliugua. Hatutaji haya ili kuwatisha. Tunayataja ili ijulikane kwa nini mhudumu huja na ndoo yake hata usiku.

Lakini nawe una haki ya kuuliza. Muulize mhudumu: "Hii ni ya kipimo gani, ya sakafu au ya nguo?" Omba muda wa kuondoa nguo safi zilizotundikwa ukutani na kwenye kamba kabla sakafu haijamwagiwa. Ukiingia kituo cha kipindupindu, pandisha upindo wa kitenge kabla ya kukanyaga maji ya klorini mlangoni. Madoa mengi ya upindo hutoka pale. Na mtu asinyunyiziwe klorini mwilini. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kuwa kuwanyunyizia watu dawa hii hakupendekezwi kwa hali yoyote. Ikitokea, au nguo zako zikiharibiwa kwa uzembe, mweleze kiongozi wa kijiji au uandike kwenye sanduku la maoni. Malalamiko yenu hutusaidia kurekebisha kazi.

Nasi wahudumu tunajikumbusha: tunapoingia kwenye nyumba ya mtu, tunaingia penye mali yake yote. Tupime vizuri, tueleze kabla ya kumwaga, na turudishe nguo zikiwa zimesuuzwa.

Yule mama tuliyeanza naye sasa huwafundisha jirani zake namna ya kufua nguo za mgonjwa. Kitenge chake bado anacho. Alikichemsha, na hakikupoteza ua hata moja. Huwaambia wenzake: "Mgonjwa mpelekeni kwanza. Kitenge kitangoja."

KUMBUKA

• Mpeleke mgonjwa kituoni haraka. Usichelewe kwa sababu ya kuficha nguo.
• Fua kwa sabuni kwanza, klorini baadaye.
• Kijiko kikubwa kimoja cha HTH kilichosawazishwa kwa lita 20, dakika 30, kisha suuza vizuri.
• Nguo isiyovumilia klorini: maji yanayochemka dakika 5, kisha jua.
• Usichanganye klorini na limau, siki, mkojo wala dawa ya choo.
• Nguo za anayeshukiwa kuwa na Ebola: usiguse, ita timu ya afya.

Kata ukurasa huu uubandike mahali mnapofulia, na umsomee jirani asiyejua kusoma.